Maji Hayana Tarehe

Maji yalipoanza kushuka, wa kwanza kuona alikuwa Kisigino, maana katika makazi yote manne hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuyatazama kama yeye. Wenzake walikuwa na foleni ya bomba, wengine walishapata vibarua vya kuponda kokoto. Yeye alikuwa na kigoda chake, kivuli cha ukuta wa nyumba namba mia mbili na kumi na mbili, na kutoka hapo aliona kipande cha bwawa kisichozidi kioo cha kunyolea. Asubuhi hiyo kipande kile kilikuwa na ukingo wa kahawia ambao jana haukuwepo. Hakumwambia mtu. Siku ya tatu kikachomoza kisiki, na kisiki kile alikifahamu.

"Mwenzangu," akamwita mkewe, "njoo uone mti wa dada yako."

Mkewe akatoka na povu mikononi. "Mti gani? Mimi naona kijiti."

"Ndio wenyewe. Ule aliodondoka akiiba asali, akavunja mkono."

"Hakuwa anaiba. Mti ulikuwa wetu." Alisema hivyo kwa ukali wa miaka arobaini iliyopita, kisha akakinga macho kwa kiganja na kutazama tena. Povu likamchuruzika hadi kwenye kiwiko, asijali.

Kule mtoni, kabla ya bwawa, hakuna aliyepanda mpaka Kisigino aseme. Kila mwaka mto ulifurika na kurudi, ukaacha tope jeusi lenye rutuba kuliko samadi yoyote, na kazi ilikuwa kujua siku. Ukiwahi, mbegu inaoza. Ukichelewa, tope linakuwa tofali. Kwa hiyo yeye, kama baba yake, alishuka kila asubuhi, akavua kiatu, akakandamiza kisigino topeni, akakiinua na kungoja. Maji yakijikusanya kwenye alama, watu wanarudi nyumbani. Alama ikibaki kavu bila kupasuka kingo, anatoa neno. Na mtoa neno ndiye aliyepanda wa kwanza, mbele ya macho ya watu, na alipanda mbegu zake zote. Habakizi hata punje. Nani ataliamini neno ambalo mwenyewe kaliwekea akiba?

Hayo yalikuwa ya huko. Walipohamishwa, nyumba ziligawiwa kwa vikaratasi vilivyochanganywa kwenye ndoo, mtu akachovya mkono na kutoka na namba, na kijiji cha kaya arobaini kikatapakaa kwenye makazi manne kama mtama uliomwagwa na mtoto. Kisigino na mkewe waliangukia Makazi ya Tatu, katikati ya watu wa vilimani, ambao malisho yao ndiyo yaliyokatwa kujenga nyumba hizo, na ambao kwa sababu hiyo hawakuwa na haraka ya kuwapenda. Waliwaita Kambale. Lugha ya mtoni hakuna aliyeijua pale ila wao wawili, na watu wawili waliooana miaka thelathini na saba huwa hawana mengi ya kuambiana. Kwa mwaka mmoja na nusu hakuna aliyemuuliza Kisigino jambo lolote isipokuwa namba ya kitambulisho chake.

Kwa hiyo msimshangae alivyovaa koti siku ile, kwenda kutazama tope.

*

Njia ya kushukia ilipita karibu na ukuta wa bwawa. Hapo palikuwa na kibanda, na ndani ya kibanda kijana mwenye kofia ngumu ambaye kazi yake ilikuwa kusoma nguzo iliyopakwa namba na kuandika kwenye daftari maji yamefika wapi. Wote wawili walikuwa na kazi moja, ila mmoja alilipwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mto umerudi."

Kijana akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri lisemwe hilo mapema. "Haujarudi, mzee wangu. Sisi ndio tumeushusha. Lango la chini limepinda, mafundi wanalinyoosha. Ni siku arobaini tu, kisha tunafunga, maji yanapanda kama zamani. Tarehe kumi na nane ya mwezi ujao. Tangazo limebandikwa makazi yote."

Kisigino hakujua kusoma, na tangazo alikuwa ameliona. Alidhani ni lile la kulipia bomba.

"Maji hayana tarehe," akasema.

"Haya ya kwetu yanayo."

Kisigino akacheka kwa adabu, kama mtu anavyomcheka mtoto anayedai mwezi unamfuata. Akashuka. Tope lilikuwa bado laini, likimeza mguu hadi kifundoni, na harufu yake ilipompanda puani ilibidi ashike kisiki. Ilikuwa harufu ya nyumbani. Alikandamiza kisigino, akakiinua. Maji yakajaa. Akarudi kesho, na keshokutwa, na kila siku alipita kibandani akasalimia, na kijana hakurudia habari ya tarehe kwa kuwa alishasema, na Kisigino hakuuliza kwa kuwa hakutaka kusikia. Siku ya kumi na mbili alama ya kisigino ilibaki kavu. Alisimama juu yake muda mrefu. Ndege weupe walikuwa wakitembea matopeni, kama kila mwaka.

Mahindi ya topeni huiva kwa siku sitini. Hesabu hiyo aliijua kuliko mtu yeyote duniani.

*

"Nipe kibuyu," alimwambia mkewe.

Mkewe alikuwa amekiweka kibuyu juu ya kabati, kimezibwa kwa nta, mbegu ndani zimechanganywa na majivu. Ilikuwa mbegu ya mama mkwe wake, na ya mama wa mama mkwe. Walipopakiwa kwenye lori kuhamishwa, alikipakata kifuani na kuacha kitanda.

"Nusu," akasema.

"Mtoa neno habakizi, unajua."

"Najua. Najua pia kile kiwanja cha mawe hapo nyuma. Bwana shamba kasema kisipolimwa msimu huu wa mvua anapewa mtu mwingine. Tutapanda nini? Zile mbegu za ofisi ulizikataa mbele za watu, ukasema mbegu iliyopakwa rangi hata kuku haimfai."

"Haimfai."

"Sasa akiba haiozi, baba. Nusu topeni, nusu kiwanjani."

Kisigino akaketi. "Nimemtuma Mvushaji na baiskeli yake ya mkaa awaambie wote. Kisigino kasema, waje. Watakuja watu kutoka makazi yote, wanikute nina nusu kibuyu? Si watajua nina shaka?"

"Una shaka?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Maneno yalikuwa mafupi: siku arobaini, tarehe kumi na nane. Alitazama kibuyu, akamtazama mkewe, ambaye tangu wahamie hapa alikuwa amekonda na kuzoea kujisemesha mwenyewe jikoni.

"Sina," akasema.

Mkewe akapanda kigoda, akakishusha kibuyu, akampa. Akaingia chumbani kutafuta kanga nzuri ya kuvaa, maana alikuwa anakwenda kuonana na watu.

*

Pamoja na yao wenyewe, zilikutana kaya kumi na moja. Sio arobaini, lakini kumi na moja si haba. Mvushaji, ambaye zamani alikuwa na mtumbwi na sasa aliuza mkaa, alikuja na mke na wakwe. Bi Kicheko, binamu yake Kisigino, mjane wa miaka sabini na sita, alitoka Makazi ya Nne kwa miguu tangu alfajiri, na mkeka kichwani.

"Wewe na mkeka, unakuja kulima au kulala?" Kisigino akamwita kutoka mbali, kwa lugha yao, kwa sauti ambayo alikuwa hajaitumia siku nyingi.

"Nakuja kukusimamia! Tangu lini ukafanya kazi bila mwanamke nyuma yako? Wifi, huyu bado anakoroma?"

"Ukuta wa saruji umemzidisha," akajibu mkewe Kisigino, na wote wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akashtuka kusikia sauti yake. Alishika mkono wa Bi Kicheko na hakuuachia hadi jua lilipopanda.

Kwanza walitafuta. Kila mtu alitaka kujua palikuwa wapi pake. Mvushaji aliupata mti aliokuwa akifungia mtumbwi, kamba bado imeuzunguka, imekuwa ya kijani. Bi Kicheko alilipata jiwe lake la kusagia, akalikalia, akasema hatoki tena, waje wamjengee ukuta hapohapo. Kisha Kisigino akavua kiatu mbele yao, akakandamiza, akainua. Wakainama wote wakatazama ile alama, wazee na vijana. Ilikuwa kavu.

"Haya," akasema.

Akapanda. Alifungua kibuyu hadharani na kutia punje tatu kila shimo, mkewe akifukia nyuma yake kwa mguu, mpaka kibuyu kikabaki na majivu matupu, naye akakipindua juu chini wote waone. Ndipo wengine wakaanza. Mvushaji alipanda mistari mitatu akachoka, akakaa kusimulia habari za abiria waliowahi kuanguka majini. Kisigino akamwita mvivu. Bi Kicheko alipanda haraka haraka, ngumi imefumbwa, kikapu kimefunikwa kwa kitambaa, na alipopewa maji ya kunywa Kisigino aliona vidole vyake vina wekundu kama wa hina.

"Umekuwa bibi harusi?"

"Ndiyo. Nitafutie mume mwenye meno."

Kwa majuma manne walirudi kila baada ya siku mbili tatu. Palizi lenyewe halikuhitaji watu wengi namna ile, wala saa nyingi namna ile, lakini walikuja na kukaa mpaka vivuli vinyooke. Waliongea. Waligombana kuhusu nani alikuwa na deni la mbuzi mwaka wa mafuriko makubwa. Mkewe Kisigino alianza kunenepa mashavu. Mimea ilitoka, ikapanda hadi gotini, na Kisigino alipita mistarini akiikagua. Aliona kwamba ya kwake ilikuwa na shina jekundu kidogo na jani jembamba, kama ilivyo mbegu yao, na ya wengine jani lilikuwa pana na shina la kijani kibichi. Akajiambia udongo umebadilika kwa kukaa chini ya maji. Mtu aliyesoma tope maisha yake yote, hilo likampita. Au alilipisha.

*

Huku juu, mvua zilikuwa zimeanza. Bwana shamba alipita na karatasi zake kwenye kile kiwanja cha mawe, akakuta majani.

"Nyumba mia mbili na kumi na mbili. Nani mwenyewe?"

"Mimi," Kisigino akasema.

"Kitambulisho." Akakisoma, akamtazama, akakisoma tena kana kwamba kilikuwa na makosa. "Nyinyi watu wa majini mna matatizo gani? Mnapewa ardhi bure, mnaiangalia tu. Weka kidole hapa. Hapa, mzee, sio hapo. Una majuma mawili. Baada ya hapo wapo wanaokitaka."

Aliyekitaka anajulikana: alikuwa akisikiliza kutoka mlango wa pili, mguu ukikanyaga cherehani. Jirani mshonaji alikuwa mtu wa vilimani, na kiwanja hicho cha mawe ndicho alichochungia mbuzi alipokuwa msichana. Cherehani ilisimama wakati bwana shamba akiongea, ikaendelea alipoondoka.

Kisigino akafuta wino wa kidole ukutani. "Ataona," akamwambia mkewe. "Mahindi yakikomaa nitamletea magunia hapahapa mlangoni, ahesabu mpaka achoke."

Mkewe alikuwa akishona kanga yake iliyochanika kwa palizi. "Siku ngapi zimebaki?"

"Chache," akasema.

*

Siku yenyewe king'ora kililia saa nne asubuhi. Hakikulia sana.

Walikuwa watu saba topeni. Mafuriko ya mto waliyajua: yana sauti, yana rangi, yanatanguliwa na upepo na magogo. Haya hayakuwa na kitu. Yalikuja kutoka bondeni taratibu, masafi, bila povu, yakaingia kati ya mistari kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Mkewe Kisigino alisimama na jembe, akayatazama yakimfika vidoleni.

"Baba! Maji!"

Kisigino alikuwa ameshayaona. Alikuwa amesimama mwisho wa shamba tangu asubuhi, na hakuwa amefanya kazi yoyote. Juu ya ukuta kijana wa lango alikuwa akipunga mikono yote miwili, kwamba watoke, watoke.

Mvushaji alimwinua Bi Kicheko kutoka kwenye jiwe lake, akambeba mgongoni kama mtoto, na mkeka wake ukaachwa, ukaelea. Walikaa juu ya mteremko mpaka alasiri. Hakuna aliyelia kwa sauti. Mahindi yalizama kuanzia mizizi, yakabaki majani, yakabaki ncha za majani zikitikisika, na halafu ikabaki ile kona ya bwawa inayong'aa ambayo wote waliizoea. Kisha wakaagana, wakashika njia nne.

Bi Kicheko alimshika Kisigino begani. "Pole, binamu," akasema. Akaondoka na Mvushaji.

Hilo ndilo lililomuuma zaidi kuliko tusi lolote. Walimpa pole yeye.

*

Siku ya pili mkewe alipeleka kanga kwa jirani mshonaji, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umekataa kushika sindano. Ilikuwa mara ya kwanza kuvuka kizingiti hicho.

"Pole kwa mahindi, mama," akasema mshonaji, akikagua mpasuko. "Lakini na nyinyi nanyi. Tangazo si lilibandikwa pale ofisini mwezi mzima? Siku arobaini, limeandikwa kwa wino mwekundu. Hata yule kijana wa lango, alileta suruali yake hapa, akasema alimwambia mzee mwenyewe kwa mdomo wake."

Mkewe Kisigino aliiacha kanga mezani. Alirudi akamkuta mumewe kwenye kigoda, anatazama ile kona.

"Uliambiwa?"

Angeweza kuuliza uliambiwa nini. Hakuuliza. "Niliambiwa."

"Lini?"

"Siku ya kwanza."

Mkewe akakaa chini, sakafuni penye saruji, akanyoosha miguu.

"Mimi nimeyasikia kwa jirani," akasema. "Mwaka mmoja na nusu naishi na watu ambao hata salamu yao naikosea, na habari ya nyumba yangu naisikia kwao. Nilikuuliza, baba. Nikiwa nimesimama juu ya kigoda, nikakuuliza una shaka?"

"Nilidhani mto..." Akaanza upya. "Yule mtoto anasoma namba kwenye nguzo. Mimi nimeyasoma maji miaka thelathini. Nikasema atajua nini? Na nilipotaka kusema, ulishatoa kanga ya kuvaa."

"Usinisingizie kanga."

"Sikusingizii. Nasema nilivyoona."

Mkewe akapangusa uso kwa kiganja. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na huzuni, na alijua kwamba angeambiwa siku ile ya kwanza, huenda angevaa kanga na kwenda vilevile. Hilo hakulisema.

"Kule kwenye nyumba kumi," akasema, "sasa hivi watu wanasema mto umetudanganya. Mto haujawahi kumdanganya mtu. Nenda ukawaambie ni nani."

*

Akaenda. Makazi ya Kwanza ndiyo yalikuwa karibu, na Mvushaji alikuwa mlangoni akijaza mkaa kwenye makopo. Kisigino alikataa kiti. Alilisema akiwa amesimama, kofia mkononi: niliambiwa tarehe, nikawaficha. Mbegu zenu zimekwenda kwa sababu yangu.

Mvushaji akaendelea kujaza kopo, akalisawazisha kwa kiganja. "Yamepita hayo, kaka. Maji yakimwagika hayazoleki. Kunywa chai."

"Hukunisikia?"

"Nimekusikia. Mke wangu, lete chai."

Ikawa hivyo nyumba ya pili, na ya tatu, na ya sita. Alikuwa amejiandaa kwa matusi; alikuwa hata amechagua maneno ya kuyapokea. Alipewa viti, maji ya kunywa, embe la kwenda nalo njiani. Wakwe wa Mvushaji waliangalia chini, wakabadilisha mazungumzo. Kadiri walivyomsamehe ndivyo alivyozidi kuhofu, maana msamaha unaokuja upesi hivyo huwa na jambo nyuma yake. Siku ya pili, saa tisa mchana, akafika Makazi ya Nne.

Bi Kicheko aliishi nyumba ya mwisho, penye uzio wa waya. Alikuwa akimwaga pumba kwa kuku watatu. Kisigino akasema yale maneno kwa mara ya kumi, na kwa mara ya kumi yakamtoka kama hayajawahi kusemwa.

Bi Kicheko alimsikiliza hadi mwisho. Hakucheka.

"Tulijua," akasema.

"Mlijua nini?"

"Tarehe. Karatasi ilibandikwa na huku pia. Mjukuu wa jirani alinisomea. Mvushaji alisomewa. Wote tulisomewa, binamu."

Kuku mmoja alipanda juu ya kiatu cha Kisigino. Hakumfukuza.

"Mkaja kupanda?"

"Ulituita." Akakung'uta pumba mikononi. "Mwaka na nusu mimi naongea na hawa kuku, na wenyewe kuku wa kununua, hawajui lugha. Anakuja Mvushaji na baiskeli, ananiambia Kisigino kasema. Ningekaa? Ningekaa kwa sababu ya karatasi?"

"Na mbegu? Mbegu zenu!"

Bi Kicheko akainua vidole vyake mbele ya macho yake. Kwenye mikunjo ya kucha bado kulikuwa na wekundu kidogo, usiotoka kwa maji wala kwa sabuni.

"Ulidhani nimepaka hina nije kulima? Ni zile za ofisi. Za bure, za rangi. Mvushaji alinawa mikono mara tatu usiione. Za kwetu tumeziacha ndani." Akasita. "Sote isipokuwa wewe. Ulipokipindua kile kibuyu, wallahi, nilitaka kukushika mkono. Nikaona uso wako. Nikashindwa."

Kisigino akakaa chini. Hakutafuta kiti. Katika watu wote waliokuwa wameinama siku ile kutazama alama ya kisigino chake, kumbe aliyeliamini neno lake alikuwa yeye peke yake, na mkewe. Wengine walikuwa wamemtazama yeye. Aliona aibu hadi masikioni, halafu aibu ikaondoka na kuacha kitu kingine chini yake ambacho hakukijua jina, chenye joto, na kilichouma vilevile.

Bi Kicheko aliingia ndani, akatoka na kibuyu chake. Akaing'oa nta kwa jino lililobaki. Alimimina kibaba kimoja kwenye kofia ya Kisigino, akatazama, akaongeza cha pili.

"Kapande huko kwenye mawe yako. Mwambie wifi awaulize hao wa vilimani siku yao ni ipi. Kuuliza si ujinga." Kisha akaziba kibuyu, akakipakata. "Binamu. Lango likipinda tena, utatuita?"

*

Alipita njia ya ukutani ingawa si fupi. Kijana wa lango alimwona kwa mbali, akasimama, akavua kofia ngumu.

"Mzee wangu, pole sana. Mimi nilikwambia, mzee, Mungu shahidi."

"Uliniambia. Nimeshawaeleza watu kwamba uliniambia." Kisigino akaweka kofia yake ya mbegu juu ya meza, kwa uangalifu, karibu na daftari. "Nakuja kuuliza. Mtayashusha tena lini?"

Kijana akadhani ni kejeli. Alipoona sivyo, akafungua daftari kubwa, akapekua kurasa za mwisho. "Ukaguzi wa malango ni kila baada ya miaka mitatu. Kwa hiyo bado, mzee. Bado sana."

"Tarehe ngapi?"

"Si ulisema maji hayana tarehe?"

"Ya mto hayakuwa nayo. Haya ni ya kwenu. Tarehe ngapi?"

Kijana akaweka kidole kwenye mstari. "Tarehe tisa, mwezi wa sita."

Kisigino akapiga hesabu. Miaka mitatu: Bi Kicheko atakuwa na sabini na tisa. Mvushaji ana kifua kibovu na mkaa unakimaliza. Wakwe wanasema watahamia kwa mtoto wao mjini. Alifika kwenye kaya sita, akaacha kuhesabu.

"Nikuandikie?"

"Sijui kusoma. Niambie tena."

Kijana akamwambia tena, na tena, polepole, mpaka mzee akaitikia kwa kichwa kwamba imeingia. Akachukua kofia yake kwa mikono miwili, akaanza kupanda mlima. Kwa mbali aliona mlango wa nyumba yake, na mkewe amesimama kwenye kile kiwanja cha mawe pamoja na jirani mshonaji, ambaye alikuwa akimwonyesha kitu ardhini kwa ncha ya jembe. Wote wawili walikuwa wakiongea kwa mikono zaidi. Kisigino hakuita. Alitembea akiirudia kwa sauti, tarehe tisa mwezi wa sita, tarehe tisa mwezi wa sita, asije akaisahau kabla hajafika kumwambia mkewe.